Uoni Hafifu: Kuwatambua na Kuwahudumia Ndugu Zetu Wanaoona kwa Shida

Katika mojawapo ya vigango vya bonde la Ruvuma, upande wa Mahurunga, katekista mmoja mzee alikuwa amewaongoza waamini kwa miaka mingi. Dominika nyingi padre hafiki huko, naye ndiye aliyekuwa akiongoza ibada, akifundisha wakatekumeni na kuwazika wafu. Dominika moja tulipofika kuadhimisha Misa Takatifu, alisimama kusoma somo la kwanza. Kitabu kilikuwa kimefunguliwa mahali pake, lakini maneno yaliyotoka kinywani mwake yalikuwa ya Dominika ya mwaka mwingine kabisa. Waamini walitazamana, vijana wakacheka. Baada ya Misa tulimwonya kwa kutojiandaa, na tukamwondoa katika zamu ya wasomaji. Hakujitetea.

Miezi kadhaa baadaye mjukuu wake ndiye aliyetueleza ukweli. Babu alikuwa haoni maandishi tangu siku nyingi. Kila Jumamosi jioni mjukuu humsomea masomo mara tatu au nne, naye huyashika kichwani. Jumamosi ile kijana alikuwa amelala shambani akilinda mpunga dhidi ya viboko, na babu akategemea alichokikumbuka kutoka miaka ya nyuma. Tulikuwa tumemhukumu kuwa mzembe mtu aliyefanya kazi mara nne zaidi ya msomaji mwingine yeyote.

Tunaanza na kisa hiki kwa sababu kosa lilikuwa letu, na kwa sababu tunaamini kwamba kosa kama hilo linatendeka kila siku katika familia, madarasa na makanisa yetu. Makala hii inaeleza uoni hafifu ni nini, unasababishwa na nini, msaada unapatikana wapi kwa mtu anayeishi Mahurunga na vijiji vya jirani, na Kanisa linatudai nini.

Uoni hafifu ni nini?

Katika mazungumzo ya kawaida tunawagawa watu katika makundi mawili: wanaoona na vipofu. Lakini kati ya makundi hayo mawili wapo watu wengi ambao hawamo upande wowote. Hao ndio wenye uoni hafifu. Wanaona, lakini wanaona kidogo, na miwani ya kawaida, dawa au upasuaji haviwezi kuwarudishia uoni kamili.

Wataalamu hupima uwezo wa kuona kwa kutumia ubao wa herufi, au wa alama ya E iliyogeuzwa pande mbalimbali kwa ajili ya wasiojua kusoma. Mtu anayeona vizuri huandikiwa 6/6. Anayeandikiwa 6/18 analazimika kusogea hadi mita 6 ili aone kile ambacho mwenzake mwenye macho mazima angekiona akiwa mita 18. Kwa kipimo kilichotumiwa kwa muda mrefu na Shirika la Afya Duniani, mtu ambaye jicho lake lililo bora, hata baada ya kupewa miwani, linaona chini ya 6/18 lakini halijashuka chini ya 3/60, huhesabiwa kuwa na uoni hafifu. Chini ya hapo huhesabiwa kuwa ni upofu. Hata hivyo, watoa huduma hutumia maana iliyo pana zaidi: mtu yeyote ambaye ana mabaki ya uoni na anaweza kuyatumia katika kupanga au kutekeleza kazi anastahili huduma za uoni hafifu.

Aidha, kuna watu wanaosoma herufi ndogo bila shida lakini uwanja wao wa kuona umefinywa, kana kwamba wanachungulia dunia kupitia tundu la mwanzi. Mtu wa namna hii anaweza kutunga uzi kwenye sindano, kisha akajigonga kwenye fremu ya mlango. Wanaomwona husema anaigiza. Haigizi, ndivyo macho yake yanavyofanya kazi.

Yafaa pia kutofautisha uoni hafifu na kasoro zinazorekebishwa kwa miwani tu. Mtu aliyevuka miaka 40 akaanza kusogeza Biblia mbali na macho ili aweze kuisoma, kwa kawaida anahitaji miwani ya kusomea, na hapo tatizo lake limekwisha. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilikadiria kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana tatizo la kuona karibu au mbali, na kwamba kwa watu wasiopungua bilioni 1 kati yao tatizo hilo lingeweza kuzuiliwa au bado halijashughulikiwa. Kwa hiyo hatua ya kwanza kwa kila mtu ni kupimwa, wala si kukata tamaa.

Visababishi tunavyokutana navyo

*Mtoto wa jicho.* Ni ukungu unaoiziba lenzi ya jicho, hasa kwa wazee. Huondolewa kwa upasuaji mfupi na kuwekewa lenzi bandia. Mzee asiyeona kwa sababu ya mtoto wa jicho asiambiwe kwamba ni uzee, apelekwe hospitali.

*Presha ya macho, au glakoma.* Huharibu mshipa wa fahamu wa jicho polepole, mara nyingi bila maumivu, ikianza kula pembezoni mwa uwanja wa kuona. Kilichopotea hakirudi. Dawa za matone au upasuaji hulinda kile kilichobaki tu. Ndiyo maana kila siku ya kuchelewa ina gharama. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua glakoma yumo hatarini zaidi na anapaswa kupimwa mapema.

*Kisukari.* Huharibu mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho. Kila mgonjwa wa kisukari anatakiwa kupimwa macho angalau mara moja kwa mwaka, hata kama haoni tatizo lolote.

*Trakoma, yaani vikope.* Ni maambukizi ya vimelea yanayoenezwa kwa mikono, vitambaa na nzi. Yakijirudia kwa miaka, kope hugeukia ndani na kukwaruza kioo cha jicho. Huzuiwa kwa kunawa uso, kutumia vyoo, kumeza dawa zinazogawiwa na serikali, na upasuaji wa kope zilizogeuka.

*Ualbino.* Mtu mwenye ualbino ana upungufu wa melanini katika ngozi na hata katika jicho. Karibu wote wana uoni hafifu, mwanga mkali huwaumiza, na mara nyingi macho yao huchezacheza. Tunapozungumzia ualbino tunazungumzia ngozi na usalama, na ni sawa kufanya hivyo, lakini tunasahau kwamba mtoto mwenye ualbino aliyeketi nyuma ya darasa haoni ubao.

*Usubi.* Ugonjwa huu huletwa na inzi wadogo wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi, na mkoa jirani wa Ruvuma ni miongoni mwa maeneo ya nchi yetu yaliyoathiriwa nao. Huzuiwa kwa kumeza dawa ya ivermectin inayogawiwa katika jamii.

*Upungufu wa vitamini A, surua na dawa zisizofaa.* Matone ya vitamini A hutolewa kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 mara mbili kwa mwaka, na chanjo ya surua ipo. Tunasisitiza jambo moja: maji ya majani, maziwa ya mama, mkojo au unga wa dawa za kienyeji visitiwe jichoni. Macho mengi yaliyokuwa na tatizo dogo yamepata kovu lisilotoka kwa njia hiyo.

*Kazi zetu.* Mkoa wa Mtwara unaishi kwa korosho. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi na macho ya wabanguaji, na vumbi la salfa linalopuliziwa mikorosho dhidi ya ubwiriunga huwasha macho. Miwani ya kujikinga, kusimama upande unakotoka upepo, na kunawa kwa maji mengi safi mara dawa inapoingia jichoni ni mambo madogo yenye faida kubwa.

Jinsi ya kumtambua

Watu wengi wenye uoni hafifu huficha hali yao. Mzee huogopa kunyang'anywa madaraka yake, mama huogopa kuachwa, kijana huogopa kuchekwa. Tuangalie dalili hizi: mtu anayeinamisha kichwa au kukigeuza upande ili aone, anayeleta kitu karibu mno na uso, anayemwaga anapomimina chai, anayekwepa kutoka jioni, anayekanyaga pembeni ya ngazi, anayeacha ghafla kazi aliyoipenda, kama kusuka ukili au kuchagua mchele, mtoto anayenakili kutoka daftari la jirani badala ya ubaoni.

Katika pwani yetu salamu ni utu. Apitaye bila kuamkia huitwa mwenye maringo. Basi fikirini hali ya mama ambaye haoni sura ya mtu hadi awe hatua mbili karibu naye. Kila siku anawapita wakwe, jirani na wazee bila kuwaamkia, na kila siku anahesabiwa kosa. Dawa yake ni rahisi: sisi tunaoona tutangulie kumwamkia, na tutaje majina yetu. “Shikamoo bibi, ni mimi fulani, mtoto wa fulani.” Maneno hayo machache humrudishia mtu nafasi yake kijijini.

Hatari za bondeni

Maisha ya Mahurunga yanafungamana na mto: mashamba ya mpunga, uvuvi, kuteka maji, kuvuka kwa mtumbwi. Kwa mwenye uoni hafifu, ukingo wa mto wakati wa machweo ni mahali pa hatari. Mamba aliyetulia na gogo vinafanana hata kwa mwenye macho mazima. Mwenye uoni hafifu asiende mtoni peke yake alfajiri wala jioni, na familia impangie kazi nyingine yenye heshima ileile badala ya kumfungia ndani. Anaweza kupepeta, kutwanga, kulea, kufuga, kuuza genge, kufundisha. Kutomtuma mtoni ni ulinzi. Kumwondolea kila kazi ni kumzika akiwa hai.

Hatari nyingine ni ya fedha. Wengi hutumia fedha kwa njia ya simu, na asiyeona maandishi hulazimika kumpa mtu mwingine namba yake ya siri. Baadhi wameibiwa na wale waliowaamini. Familia ichague mtu mmoja mwaminifu, na mwenye simu afundishwe kukuza maandishi au kutumia sauti, kama tutakavyoeleza hapa chini.

Njia ya kuifikia huduma

Kwa mkazi wa Mahurunga, safari huanzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Huko mgonjwa hupimwa kwa awali na kupewa barua ya rufaa. Mjini Mtwara kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, na pia Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo. Upande wa Kanisa, Wamisionari wa Mtakatifu Benedikto waliofika Ndanda mwaka 1906 waliacha urithi wa huduma ya afya unaoendelea katika Hospitali ya Mtakatifu Benedikto, Ndanda. Kwa tatizo linalohitaji ubingwa zaidi, mgonjwa anaweza kuelekezwa Dar es Salaam, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili au hospitali ya CCBRT, au KCMC mjini Moshi.

Tunashauri mambo manne kabla ya safari. Kwanza, piga simu au uulize siku za kliniki ya macho, kwani nauli ni ghali kwa mkulima na si busara kufika siku isiyo ya kliniki. Pili, beba dawa zote unazotumia, pamoja na miwani ya zamani. Tatu, nenda na mtu atakayekumbuka maelekezo ya daktari. Nne, baada ya matibabu usiondoke bila kuuliza: “Sasa nitumieje macho niliyobaki nayo?” Mara nyingi mgonjwa huambiwa tu kwamba hakuna la kufanya zaidi. Maneno hayo yana maana ya kwamba hakuna tiba zaidi. Hayana maana ya kwamba hakuna msaada. Huduma ya uoni hafifu huanzia mahali tiba inapoishia: kupima mabaki ya uoni, kuchagua lenzi za kukuzia, kufundisha mbinu za kusoma, kutembea na kufanya kazi.

Mbinu na vifaa vya nyumbani

Msaada mwingi hauhitaji fedha nyingi. Kanuni ni nne: kuza, sogeza karibu, ongeza mwanga, na tofautisha rangi.

Kukuza ni kutumia lenzi ya mkononi, maandishi makubwa au simu. Simu janja nyingi zina sehemu ya kuongeza ukubwa wa maandishi, kamera inayokuza picha, na programu ya kusoma kwa sauti kilichoandikwa. Kijana mmoja wa parokia akitumia saa moja kumwandalia babu simu yake, amefanya utume.

Kusogea karibu na kitu hakuharibu macho. Wazazi huwakataza watoto kushika kitabu karibu na uso, lakini kwa mtoto mwenye uoni hafifu huko ndiko kusoma kwake.

Mwanga uje kutoka nyuma au upande wa bega, usimulike machoni. Mwenye ualbino au anayeumizwa na mwanga hupata nafuu kwa kofia yenye ukingo mpana na miwani ya jua.

Kutofautisha rangi ni jambo linalosahauliwa. Wali mweupe kwenye sahani nyeupe hauonekani. Uwekwe kwenye sahani ya rangi ya kukolea. Uji upakuliwe katika kikombe cheusi au chekundu. Ukingo wa ngazi na kizingiti upakwe chokaa. Kalamu nene nyeusi juu ya karatasi nyeupe husomeka kuliko ya bluu hafifu. Karatasi nyeusi iliyokatwa mwanya wa mstari mmoja, ikiwekwa juu ya ukurasa, humsaidia msomaji asipotee kati ya mistari.

Vitu viwe na mahali pake pa kudumu. Kiti kilichosogezwa bila taarifa, ndoo iliyoachwa mlangoni, jembe lililotupwa njiani, ni mitego. Na unapomwongoza mtu, usimsukume wala kumburuta kwa mkono. Mpe kiwiko chako akishike, tangulia nusu hatua, na umwambie kuna nini mbele: shimo, ngazi, tope. Wale ambao uoni umepungua sana hufaidika na fimbo nyeupe, ambayo pia huwaarifu madereva na waendesha bodaboda.

Mtoto mwenye uoni hafifu shuleni

Tanganyika ilipata shule ya wasioona mwaka 1950, wakati Kanisa Anglikana lilipoianzisha Buigiri, Dodoma. Hapa Kusini, Masasi nako kuna shule ya wasioona. Lakini si kila mwenye uoni hafifu anahitaji nukta nundu au shule maalumu. Wengi wanaweza kusoma katika shule ya kijiji, mradi mwalimu ajue hali yao. Mtoto aketi mbele, mahali ambapo mwanga wa dirisha haumpigi usoni. Mwalimu asome kwa sauti anachokiandika ubaoni. Mtoto aruhusiwe kusogea hadi ubaoni bila kuomba ruhusa kila mara.

Wazazi wafahamu pia kwamba Baraza la Mitihani la Tanzania huwaandalia watahiniwa wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa, na katika mtihani wa darasa la saba wamekuwa wakiongezewa muda: dakika 20 kwa kila saa katika somo la Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Lakini karatasi hiyo humfikia mtoto aliyesajiliwa kwa hali yake. Mzazi anayeona aibu kutaja tatizo la mwanawe anamnyima haki hiyo bila kujua.

Haki na vyama

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9. Sheria hiyo inalinda haki ya elimu, afya, ajira na kufikia majengo na taarifa. Aidha, katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ni kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Mtu mwenye uoni hafifu amwone afisa maendeleo ya jamii wa kata ili aelezwe utaratibu wa kuomba, na afisa ustawi wa jamii kwa msaada mwingine.

Chama cha Wasioona Tanzania kilianzishwa mwaka 1964, na chama cha watu wenye ualbino mwaka 1978. Umoja una nguvu. Watu wa Kusini wanakumbuka kwamba mwaka 2010 jimbo la Lindi Mjini lilimchagua Salum Khalfani Barwany, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa kuwa mbunge katika nchi yetu. Mwaka 2015 Dkt. Abdallah Possi, naye mwenye ualbino, aliteuliwa kuwa naibu waziri. Mtoto wa Mahurunga aliyeketi nyuma ya darasa ana haki ya kuyajua majina hayo.

Mwanga wa Neno la Mungu

Injili ya Marko (8:22-26) inasimulia jinsi Bwana wetu alivyomponya kipofu wa Bethsaida. Tukio hilo lina jambo la pekee. Baada ya kumwekea mikono, Yesu alimwuliza iwapo anaona kitu. Mtu yule akajibu kwa uaminifu kwamba anaona watu, lakini anawaona kama miti inayotembea. Hiyo ndiyo hali ya uoni hafifu. Bwana hakumkemea kwa kukosa imani, wala hakumwambia aridhike na kidogo alichopata. Alisikiliza jibu lake, akamwekea mikono tena.

Tujifunze kutoka katika swali lile. Sisi huuliza, “Unaona au huoni?” kisha tunampanga mtu katika mojawapo ya makundi yetu mawili. Kristo aliuliza anaona nini, akampa nafasi ya kueleza mwenyewe.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 3, tunaambiwa kwamba macho ya mzee Eli yalikuwa yameanza kufifia. Hata hivyo ni yeye, asiyeona vizuri, aliyemfundisha kijana Samweli kuitambua sauti ya Mungu. Naye Mambo ya Walawi (19:14) hukataza kuweka kikwazo mbele ya kipofu, na huunganisha katazo hilo na uchaji wa Mungu mwenyewe. Kikwazo si jiwe tu. Kitabu cha maandishi madogo ni kikwazo, na kicheko ni kikwazo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (Na. 2276) inafundisha kwamba wale ambao maisha yao yamepungukiwa au kudhoofika wanastahili heshima ya pekee, na wasaidiwe kuishi maisha ya kawaida kadiri iwezekanavyo. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake wa Fratelli Tutti wa mwaka 2020 (Na. 98), alisikitika kwamba watu wengi wenye ulemavu wapo katika jamii bila kuwa sehemu yake, kama wahamishwa waliofichika. Kwa hiyo kumhurumia mtu hakutoshi. Ni lazima awe na nafasi na kazi katika jumuiya.

Tunaongeza neno juu ya sala. Tunawaombea wagonjwa na kuwapa Mpako Mtakatifu kwa imani yote. Lakini sala haishindani na daktari. Anayemzuia mwenye glakoma asiweke dawa yake, akimwambia kwamba maombi yanatosha, anamwibia uoni ambao hautarudi.

Yafanyike nini katika parokia na vigango

Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo itembelee kaya zake na kuwatambua wanaoona kwa shida, bila kujali dini ya jirani. Katika vijiji vyetu Wakristo na Waislamu huvuka mto katika mtumbwi mmoja na kuzikana. Wasitengane katika hili. WAWATA na Vijana wapange nani atamsindikiza nani kliniki, na mfuko wa Caritas wa parokia usaidie nauli. Makanisa yapakwe chokaa kwenye kingo za ngazi. Masomo ya Dominika yaandikwe kwa herufi kubwa na nyeusi kwa msomaji anayehitaji. Matangazo yasibandikwe ukutani tu, yasomwe kwa sauti. Nyimbo mpya zifundishwe kwa kukariri. Anayegawa Komunyo atamke maneno kwa wazi na asubiri mkono wa anayepokea. Alhamisi ya pili ya Oktoba, Siku ya Uoni Duniani, tarehe 15 Oktoba, Siku ya Fimbo Nyeupe, na tarehe 13 Desemba, kumbukumbu ya Mtakatifu Lusia, ziwe nafasi za kufundisha na kuhimiza watu wapimwe.

Katekista wetu alipelekwa hospitali na kupimwa. Ilikuwa glakoma. Jicho moja limekwisha, la pili limebaki na uoni mdogo unaolindwa kwa matone anayoyaweka kila siku. Madaktari hawakuweza kumrudishia kilichopotea kabla hatujamjali. Tulikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi, kisha tukarudia ombi hilo mbele ya kigango, mahali pale pale alipochekwa. Leo masomo yake huandikwa kwa kalamu nene, mistari michache katika kila karatasi, na mjukuu husimama kando yake kumgeuzia. Husoma polepole. Na kwa kuwa bado anayashika kichwani, mara nyingi hufikia mwisho kabla ya karatasi.

Mtakatifu Lusia, utuombee.